Shajara ya Shaba: mwasho wa ngozi na kubweka usiku

Mwisho wa kipupwe

Shaba ni mbwa wetu wa shamba, dume wa kienyeji, bado hajatimiza mwaka. Kazi zake ni mbili: kulala karibu na banda la mbuzi na, msimu wa karafuu ukifika, kukaa pembeni ya uwanja wakati majamvi yametandikwa. Shamba liko upande wa Ole hapa Pemba, na nyumba za majirani zimetuzunguka pande tatu.

Kwa muda sasa anajikuna mpaka manyoya yanamtoka, na usiku anabweka hapumziki. Sheha amenipigia simu. Alikuwa mpole: "Sikwambii umuondoe, yakhe. Nakwambia watu wapate kulala." Ana haki. Mtume (S.A.W.) ameturuhusu mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba, lakini ruhusa hiyo haiondoi haki ya jirani wala haki ya mnyama mwenyewe. Mbwa anayejikuna mpaka kutoka damu ananidai mimi, si mwingine.

Lengo ni hili: kabla karafuu hazijaanza kuanikwa, Shaba awe na ngozi nzima, awe analala, na akibweka kuwe na sababu.

Kabla ya lolote nimetenga vyombo. Sisi Mashafii hukumu ya najisi ya mbwa tunaijua tangu chuo cha Kurani: kilichoguswa na unyevu wake huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Basi ndoo, beseni, kitana na kamba ni vya Shaba peke yake. Mimi nina glavu za mpira na shati moja la kazi hiyo, na udongo safi uko ndani ya kopo karibu na pipa la maji. Naliandika hili mwanzoni kabisa kwa sababu nimewaona wengi wakimwacha mbwa ateseke kwa kuogopa kumshika. Kumshika kunawezekana, ukijipanga.

Wiki hiyohiyo

Nimekuwa nikikaa barazani na daftari kuandika anabweka saa ngapi na kabla ya kubweka kumetokea nini. Hicho kinachotangulia ndicho ninachokitaka zaidi.

Magharibi ikishaingia, ni popo. Kibanda chake kiko chini ya mshelisheli, na wale popo wakubwa wa Pemba, ambao hawapatikani penginepo duniani, mchana hulala makundi kwa makundi kama pale Kidike na jioni hutawanyika kutafuta matunda. Wanakula juu, makapi yanadondoka juu ya bati la kibanda, Shaba anaruka na kubweka kuelekea juu.

Alfajiri ni adhana. Sauti ndefu ya kipaza sauti inamfanya naye avute sauti ndefu. Mbwa wengi hufanya hivyo wakisikia sauti ya kuvuta, iwe king'ora, honi ya meli au mbwa mwenzake. Baada ya adhana wazee wanapita njia ya uani kwenda msikitini, naye anawakimbilia mpaka mnyororo unamkaba. Mtu ametoka nyumbani na udhu wake na kanzu safi, hataki kabisa mbwa mwenye pua ya maji amsogelee. Haya ndiyo yaliyofika kwa sheha, na yangenikera na mimi.

Mchana ni bodaboda na watoto wa skuli.

Lakini kubweka kwingi ni kwa usiku wa manane, na hapo ndipo nilipokaza macho. Hapiti mtu, hayupo popo. Shaba anaamka, anakaa kitako, anajikuna ubavuni kwa mguu wa nyuma. Mnyororo unagonga bati. Ule mlio unamshtua, anabweka. Mbwa wa ng'ambo ya bonde anamjibu, naye anajibu, na hapo hawanyamazi tena. Kisha anachoka, analala kidogo, mwasho unamwamsha, yanaanza upya. Nimeyaona hayo usiku baada ya usiku, kwa mpangilio uleule.

Kwa hiyo nimeamua: ngozi kwanza, mafunzo baadaye. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nottingham, Uingereza, walichapisha mwaka 2019 uchunguzi wa mbwa wenye ugonjwa wa ngozi unaotokana na mzio. Waliona kwamba mwasho ulivyozidi ndivyo mbwa walivyozidi kutafuna vitu ovyo, kuhangaika na kudai kushughulikiwa, na ndivyo walivyozidi kuwa wagumu kufundishika. Mbwa asiyelala humfundishi kitu.

Daktari wa mifugo amekuja

Amefika kutoka mji wa Chake Chake na mkoba wake. Hakuanza na sindano. Alichana mgongo karibu na mkia kwa kitana chenye meno ya karibu, akakung'uta kilichotoka juu ya pamba nyeupe iliyoloweshwa maji. Zilikuwa punje nyeusi ndogo, ungedhani ni vumbi la pilipili manga. Tukasubiri kidogo. Kila punje ikaanza kutoa duara la rangi ya kutu, wekundu ukatambaa kwenye pamba. "Hiyo ni damu ya Shaba," akasema. Punje zile ni kinyesi cha viroboto, na kinyesi chao ni damu iliyosagika. Mchanga wa kawaida haufanyi hivyo. Mtu yeyote anaweza kupima hivi nyumbani kwake kwa kipande cha pamba.

Kisha akashika ukingo wa sikio, ulio mgumu na wenye magamba, akausugua kwa vidole viwili. Mguu wa nyuma wa Shaba ukaanza kujikuna hewani, wenyewe, bila kugusa kitu. Akasugua sikio la pili, ikawa vilevile. Akatazama viwiko: hakuna manyoya, ngozi imekunjana, ina ukoko. Akaniuliza kama nyumbani kuna mtu anayewashwa. Nikamwonyesha mikono yangu, juu ya pale glavu zinapoishia, ambako vipele vimetoka siku za karibuni.

Ni upele wa mbwa. Unaletwa na utitiri usioonekana kwa macho ambao huchimba ndani ya ngozi na kutaga humo. Alikwangua ngozi ya kiwiko kwa wembe ili akaangalie kwa hadubini, lakini akanieleza mapema kwamba mara nyingi utitiri huo hauonekani hata kama upo, kwa hiyo dalili za sikio, viwiko na mikono yangu zinamtosha kuanza kutibu. Utitiri wa mbwa hauzaliani kwa binadamu; mbwa akipona, na mimi nitapona.

Basi Shaba ana mawili kwa pamoja, viroboto na upele. Amempima uzito kwa mzani wa karafuu (ndani ya gunia tutakalolichoma), akampiga sindano ya ivamektini kwa kipimo cha uzito huo na kunipangia tarehe ya kurudia baada ya wiki mbili, kwa sababu dawa haiui mayai, na yai huchukua karibu wiki tatu kuwa utitiri mzima. Alinionya mambo mawili. Siku za mwanzo mwasho unaweza kuzidi, utitiri unapokufa ndani ya ngozi. Na mwenye mbwa wa kizungu wa jamii ya kuchungia kondoo asimguse kwa sindano hiyo bila daktari: baadhi yao wamezaliwa na kasoro inayoipitisha dawa mpaka kwenye ubongo, na kipimo ambacho kwa wengine ni salama kinaweza kuwaua. Mbwa wetu wa kienyeji hawana shida hiyo kwa kawaida, ila vipimo vya kubahatisha ni hatari kwa mbwa yeyote.

Dawa za watu

Tangu habari zienee napokea ushauri kila njia. Nauandika ili na sababu za kukataa ziwepo.

Oili chafu ya gari: hapana. Inaunguza ngozi iliyokwisha chubuka, mbwa anairamba, inamdhuru tumboni na kwenye ini. Mafuta ya taa vivyo hivyo.

Dawa ya josho ya ng'ombe, ile kali ya kuchanganya na maji: hapana, si kwa kukadiria kwa macho. Zipo zenye amitrazi, dawa ya kuua kupe na utitiri, ambazo daktari anaweza kumwogesha mbwa kwa kipimo chepesi sana, lakini kipimo cha ng'ombe kinaweza kumlaza mbwa mdogo asiamke. Na hapa kwetu kuna jambo kubwa zaidi: paka. Kila nyumba Pemba ina paka, na dawa nyingi za viroboto za mbwa zina pemethrini, ambayo paka hawezi kuimeng'enya. Tone la dawa kali ya mbwa mgongoni mwa paka, au paka kulala ubavuni mwa mbwa aliyepakwa karibuni, huleta mtetemeko, degedege na kifo. Nimewaambia majirani wote. Hata asiyempenda mbwa alisikiliza, kwa ajili ya paka wake.

Kuogesha baharini: maji ya chumvi yenyewe si dhambi, lakini chumvi ikikauka juu ya kidonda inaongeza mwasho. Akienda pwani lazima asuuzwe kwa maji ya kisima.

Majani ya mwarobaini: mama ameyachemsha, na nimemwogesha Shaba kwa maji yake yakiwa yamepoa. Yanatuliza kidogo, na mama amefurahi kusaidia. Kuponya ni kazi ya sindano. Sabuni ya kufulia nimeiacha kabisa, inakausha ngozi. Natumia ile ya dawa aliyoniachia daktari: povu linakaa dakika kumi, kisha nasuuza.

Demani, bandani

Hii ndiyo sehemu nzito ya kazi. Viroboto unaowaona juu ya mbwa ni wachache. Wengi wako chini, mayai, viluwiluwi na vifukofuko, kwenye vumbi na nyufa anapolala. Jike mmoja hutaga mayai 40 mpaka 50 kwa siku, hayashiki manyoya, yanadondoka. Joto letu na unyevunyevu wetu vinawafaa, na kizazi kimoja huweza kukamilika ndani ya wiki tatu hivi. Kifukofuko nacho dawa haikiingii; kiroboto mzima anangoja humo mpaka asikie mtikisiko wa mnyama anayepita.

Tumevunja kibanda cha zamani. Magunia yamechomwa. Mchanga wa chini tumeuchota na kuuanika juani, ufa wa ukuta wa banda la mbuzi tumeumwagia maji yanayochemka, kisha tukauziba kwa udongo. Mbuzi nao wametibiwa, maana kiroboto anayewasumbua mbwa hapa ndiye huyohuyo wa paka, na kwa mbuzi anaingia bila kubisha. Ukimtibu mbwa ukawaacha mbuzi umefanya kazi ya bure. Paka wa nyumbani wamepata dawa yao, ya paka.

Kibanda kipya kimejengwa mbali na mshelisheli, upande wa ndani wa uwanja, kikiwa kimeinuliwa kwa vigingi ili niweze kufagia chini yake. Paa ni la makuti. Bati limeondoka na kelele zake.

Mnyororo pia umeondoka. Nimetandaza waya kati ya minazi miwili, pete inateleza juu yake, na kamba ya Shaba imefungwa kwenye pete. Sasa anatembea urefu wote wa banda la mbuzi lakini hafiki njiani wala hafiki penye majamvi. Mbwa aliyefungwa mahali pamoja kutwa atabweka, hilo halihitaji mganga.

Chanjo

Mzee jirani alikuja kuniuliza kwa faragha: "Mwanangu, huyu si kichaa?" Sikumlaumu. Pemba imewahi kuteseka. Kichaa cha mbwa kiligunduliwa hapa mwaka 2010, watu wakaumwa na wengine wakafa. Chanjo za kisiwa kizima zikakimaliza kufikia mwaka 2014. Chanjo zikalegea, mwishoni mwa mwaka 2016 ugonjwa ukaingia upya kutoka nje, na zikarejeshwa mpaka ukaisha Oktoba 2018. Asiyekumbuka haya amesahau mapema mno.

Nilimweleza mzee kwamba mwenye kichaa hubadilika ghafla: sauti inakuwa nyingine, anatokwa mate, anauma bila kuchokozwa, anashindwa kumeza. Shaba anakula, anakunywa, ananitambua. Kisha nikamwonyesha kadi yake ya chanjo. Alichanjwa baada ya kutimiza miezi mitatu na atarudia kila mwaka. Mzee aliisoma kadi mbele na nyuma, akaomba kumwonyesha mkewe. Nilimwachia.

Baada ya sindano ya pili

Siku za mwanzo kweli alizidi kujikuna, na kama nisingeonywa ningekata tamaa. Sasa ukoko wa viwikoni umebanduka, chini yake kuna ngozi ya waridi yenye manyoya mafupi kama ya panya. Ukingo wa sikio umelainika. Nikiusugua, mguu unatulia. Vipele vya mikononi mwangu vimekauka.

Na usiku wa manane kumenyamaza. Daftari lina kurasa ambazo kati ya isha na alfajiri sikuandika neno. Mama ndiye aliyesema kwanza, asubuhi akiwa anakuna nazi: "Jana nimelala mpaka adhana. Huyu mbwa mzima?"

Kimya

Sasa ndiyo mafunzo yameanza, na anashika haraka. Njia ninayotumia: akibweka, nasubiri mwenyewe anyamaze, hata kwa pumzi moja. Hapohapo nasema "kimya" na kumpa dagaa mmoja mkavu. Kesho nasubiri pumzi mbili, halafu zaidi. Neno linashikamana na ule ukimya. Kumpigia kelele hakusaidii: yeye anabweka, wewe unapaza sauti, kwake mmekuwa wawili mnaobweka.

Kazi ilikuwa kwa watu. Mama alikuwa na desturi ya kumtupia kipande cha muhogo anapobweka, ili anyamaze.

"Mama, naomba usimtupie akiwa anabweka. Anaona kubweka ndiko kunakoleta muhogo."

"Ah, mwanangu, na mimi nisilale?"

"Mpe, mama, ila mpe akiwa kimya."

Amekubali. Kama ilivyo kwa mbwa yeyote aliyenyimwa alichozoea, Shaba alibweka zaidi kwa siku kadhaa, akiudai muhogo wake. Nyumba nzima ilishikilia. Yakapita.

Kwa wazee wa alfajiri nimejenga ua wa makuti upande wa njia, mrefu kupita kichwa cha Shaba. Asichokiona hakikimbilii. Anasikia nyayo, anainua masikio, mara nyingine anatoa mbweko mmoja. Huo mmoja siuzuii, ndio kazi yake.

Kwa adhana, kabla haijaanza namwekea kumbi la nazi ambalo ndani ya nyuzi zake nimeficha dagaa na vipande vya muhogo uliopikwa, usio na kitunguu wala mifupa ya kuku. Anashughulika kuzichambua nyuzi mpaka adhana inamalizika. Tangu hapo anavuta sauti mara chache mno. Imamu hajui habari ya kumbi, lakini ameniuliza kama mbwa nimemuuza.

Kabla jua halijapanda tunazunguka shamba lote, mikarafuu mpaka bondeni, namwacha anuse anachotaka kwa muda anaotaka. Kunusa kunamchosha kuliko kukimbia. Akirudi anakunywa maji na kulala mpaka mbuzi wanapotolewa.

Vuli inaanza

Mikarafuu ya juu imeanza kuiva, tumechuma kidogo na kuanika. Shaba alikaa kwenye waya wake, pembeni ya majamvi, akitazama. Mchana mtu asiyejulikana alikatisha kwa nyuma ya banda, Shaba akabweka kwa sauti nzito ambayo sijaisikia kwake zamani, akanyamaza nilipofika na kusema neno lake. Mtu yule alikuwa anatafuta ng'ombe wake aliyepotea. Tulimpa maji ya kunywa.

Mvua zitaongeza kupe, kwa hiyo kila jioni napitisha kitana masikioni, kwapani na kati ya vidole. Kupe anang'olewa kwa kibano karibu kabisa na ngozi, bila kuchomwa kwa kiberiti wala kupakwa mafuta, na anatumbukizwa kwenye spiriti.

Yaliyobaki: popo watarudi kwa fujo maembe yakiiva, na mwembe uko karibu na kibanda kuliko nilivyotaka, matawi ya upande huu nitayapunguza wiki hii. Bodaboda bado zinamshinda. Mjukuu wa mzee jirani ana pikipiki na amekubali kupita polepole nje ya ua kila alasiri, akiongeza mwendo kidogo kidogo, huku mimi niko ndani na dagaa mfukoni. Tunaanza kesho.